Ngoma Iliyomwitikia Everlyn

Everlyn Kageha amepigwa kwa mkanda, kwa mwiko wa ugali, kwa kiatu, na mara moja kwa mlango wa kabati uliong'olewa kwa ajili hiyo hiyo. Kupigwa si jambo geni kwake. Hulisimulia mwenyewe, bila kulialia, huku vidole vyake vikipita kichwani mwa mteja. Lakini kupigwa huku ngoma ikifuata kila pigo, na watu wameketi vitini wakiitikia kama kwaya, hilo lilimpata mara moja tu, Jumamosi mchana, katikati ya jiji la Nairobi, mbele ya watu waliosoma wakasomeka.

Alizaliwa upande wa Mbale, Vihiga, kitinda mimba katika nyumba ya wasichana watupu. Alijifunza kusuka kwenye vichwa vya dada zake, nao walimfinya mapaja kila alipokaza nywele kupita kiasi. Alipokuja Nairobi alilala sakafuni kwa shangazi yake Kangemi, akasuka chini ya mwavuli kando ya barabara, na hapo ndipo Shem alipomwona. Shem alikuwa fundi wa mawe. Jiwe la kujengea alilipasua kwa nyundo likakatika sawasawa kama mkate, na mikono yake ilikuwa mizito hivyo hivyo alipofika nyumbani.

Laiti angekuwa mlevi, tungesingizia pombe tukanyamaza. Shem hanywi. Anaenda kanisa, anaimba besi, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Alimpiga Everlyn kwa sababu alicheka na mteja, kwa sababu hakucheka, kwa sababu mchuzi ulikuwa na chumvi, kwa sababu mvua imenyesha na kazi imesimama. Kilichomponya miaka yote hiyo ni ukuta. Nyumba za Kangemi walipokaa zilikuwa za mabati, na kelele zikizidi majirani waliupiga ukuta kwa viganja: "Shem! Utaua mtu wewe!" Shem aliona haya mbele za watu. Akisikia mabati yanalia, aliacha.

Siku ile alipomshindilia kichwa ukutani mbele ya Ryan, mtoto wao, na mtoto akajikojolea, Everlyn alikata shauri. Alimpeleka Ryan kwa bibi yake Mbale, kisha yeye akahamia Kinoo, ambako Shem hakuwa na mtu anayemjua. Akapanga kibanda kidogo karibu na Waiyaki Way, akapachika kioo, kiti na picha za mitindo, akaanza upya. Wateja walipouliza habari za baba Ryan, alijibu neno moja: "Alikufa." Wakampa pole, naye akazipokea.

Muthoni aliingia kwenye maisha yake kwa njia ya kichwa. Alikuwa mchoraji, binti wa watu wa Kinoo, na kile kiwanja cha vibanda kilikuwa cha baba yake. Alikuja kusukwa rasta nyembamba, akakaa kutwa nzima, na muda wote huo macho yake yalikuwa kwenye kioo, hayatazami uso wake bali mikono ya msusi.

"Mama Ryan," alisema jioni akijipangusa shingo, "wewe si unasuka tu. Hiyo ni dance. Kuja Muthangari Sunday, kuna watu nataka uone."

Everlyn alidhani ni mambo ya wokovu. Kumbe ni gereji. Shangazi ya Muthoni alikuwa na nyumba kubwa Muthangari, gari aliliuza, gereji akawaachia vijana. Humo alimkuta Kiarie, kijana mwembamba anayehudumu benki siku za kazi na kucheza dansi pekupeku siku za mapumziko. Alimkuta na Bramwel, fundi wa umeme anayefunga nyaya kwenye majumba ya Karen, mtu wa Khayega, ambaye ngoma yake ya isukuti, ndefu, ya kubana kwapani, ilikuwa na ngozi ya kenge aliyoirithi kwa baba yake.

Kazi yao haikuwa na mazoezi wala mpango. Walikutana wakaanza. Kiarie akiinua bega, Bramwel aliligonga lile bega kwa ngoma. Muthoni akalichora juu ya shuka kubwa iliyotundikwa. Na Everlyn, siku ya kwanza, alisimama akishika pakiti ya nywele za bandia kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Kisha akazitundika kwenye boriti akaanza kusuka. Bramwel aliongeza mwendo, naye akaongeza. Bramwel akakimbia, naye akakimbia. Alisuka kamba ndefu ya nywele, akamzungusha Kiarie nayo, Kiarie akacheza akiwa amefungwa, na Everlyn akajikuta anacheka kwa sauti, kicheko alichokuwa ameacha Kangemi. Alirudi Kinoo akiwa na furaha mpaka akaona aibu. Wepesi wa mikono yake, uliokuwa wa kutafutia unga tu, kumbe ulikuwa na raha yake.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, mkianza hamsimami mpaka Muthoni aweke brashi chini. Ya pili, mgeni haulizwi. Yaani kila mmoja wao angeweza kuleta mtu wa kuingia katikati ya mchezo bila kuwaambia wenzake, na yeyote atakayeingia, afanye lolote, lilikuwa la kupokelewa na kujibiwa. Kiarie aliwahi kumleta mnoa visu na baiskeli yake, cheche zikaruka gereji nzima. Bramwel alimleta Philister, mama mnene wa kwaya ya kanisa lake, ambaye aliingia akipiga mayowe ya "Wezi! Wezi!", akamkwida Kiarie shati na kumtandika makofi. Muthoni alitaka kukimbia. Baadaye walicheka mpaka wakakaa chini, na Philister akawapa chapati. Tangu siku hiyo kila mtu aliamini kuwa hakuna mgeni wa kuwatisha tena.

Everlyn peke yake hakuwa ameleta wa kwake.

"Mama Ryan, mgeni wako utaleta lini?" Kiarie alipenda kumtania. "Ama unatufugia jini?"

"Nitaleta tu," alijibu. Hakuwa na mtu wa kuleta.

Wakaanza kuitwa hapa na pale. Mtu mmoja mwenye kamera alimhoji Everlyn baada ya onyesho, akamuuliza nguvu ile anaitoa wapi. Kwa mazoea ya kibandani, Everlyn alijibu kwamba ni mjane, mume wake alikufa, akajifunza kusimama peke yake. Video ikatembea kwenye simu za watu. Ikatembea mpaka kwenye mjengo mmoja wa Karen, ambako fundi mwenzake Shem aliichezesha wakati wa chai, akasema, "Shem, huyu si bibi yako? Kumbe wewe ni marehemu!" Mjengo mzima ukaangua kicheko. Shem hakucheka. Chini ya video palikuwa pameandikwa onyesho lijalo litakuwa wapi, na siku gani.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, upande wa chini wa mji, mahali palipokuwa ghala la vitambaa. Watu walijaa viti vya plastiki, wengine wakaketi sakafuni, simu zao mikononi. Everlyn alikuwa ametundika nywele nyeusi kutoka darini mpaka chini, na pembeni yake birika la umeme linachemka, kwa sababu ncha za rasta lazima zichovywe kwenye maji moto zisifumuke. Watazamaji waliupenda mvuke ule. Bramwel alianza polepole. Kiarie akaingia kati ya nywele. Muthoni akafungua makopo yake mawili, jeusi na la manjano, akapiga mstari wa kwanza.

Shem akaingia na buti za kazi, vumbi la mawe bado liko kwenye suruali. Alipita katikati ya viti bila haraka, akasimama mbele ya mkewe.

"Uliambia watu nimekufa?" alisema. "Haya. Maiti imekuja."

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Kiarie, akining'inia kwenye nywele, alimwangalia Bramwel akainua nyusi: hatimaye Mama Ryan ameleta mgeni wake, na mgeni mwenyewe si mchezo.

Kofi la kwanza lilitua sikio la kushoto. Bramwel akalijibu, *paa!*, palepale, kwa ustadi wa miaka mingi. Everlyn alisikia mlio mrefu kichwani na ndani yake akasikia ngoma, akadhani anapoteza fahamu. Kofi la pili, *paa!* Kiarie akajirusha sakafuni kama aliyepigwa yeye. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja, wakaegemea mbele kuona vizuri.

"Shem, wacha," Everlyn alisema. "Shem, hapa kuna watu."

Shem naye alikuwa ameliona hilo. Alisita, mkono juu, akageuka kuwatazama wale watu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja ukuta upigwe. Ukuta haukupigwa. Waliokuwa mbele walimtabasamia. Msichana mmoja alisogeza kiti kumpa nafasi. Basi akaelewa kwamba hapa, mchana kweupe, katika jiji lote, amepewa ruhusa.

Alizikamata rasta za Everlyn karibu na ngozi, akazizungusha mkononi, akamburuta. Kiarie akajifunga kamba za nywele shingoni akajiburuta pia, upande wa pili. Teke likaingia mbavuni, ngoma ikapiga zito, *dum!* Teke jingine, *dum!* Kitu kikavunjika ndani yake. Pumzi ikakataa kuingia. Muthoni alipaka rangi kwa kiganja kitupu, brashi mkono wa pili, anahema, anaona shuka tu. Hasira iliyompanda Everlyn haikuwa ya Shem. Mapigo ya Shem alikuwa ameyazoea. Ilikuwa ya ile ngoma, jinsi ilivyopendeza. Ilimtandika kwa mpangilio, ikajua pigo lijalo kabla yake.

Akakusanya pumzi aliyobaki nayo akaita, "Bramwel! Nisaidie!"

Sasa, kwa kina Bramwel isukuti haipigwi kimya. Mmoja hutoa wito, wengine huitikia, na anayeacha wito uanguke bila jibu anaaibisha ngoma. Bramwel ameitikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, harusini na matangani. Neno lilipomfikia, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nisaidie!" akaimba, akapiga.

"Nisaidie!" akaitikia Kiarie.

"Uuuwi, nisaidie!" Everlyn alipiga mayowe, na ukumbi mzima, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao nyumbani, ukaitikia kwa sauti moja nzuri, "Nisaidie!" Wengine walipiga makofi ya kufuata. Shem akapiga kwa kufuata pia. Hakuwa tena anapiga ovyo kwa hasira, alikuwa ameingia kwenye mwendo, na jasho likimtiririka akampiga mkewe kama wanaume wanavyotwanga kokoto, bila kuchoka.

Mkono wa kulia wa Everlyn ulikuwa umetandazwa sakafuni. Shem aliuona. Alijua mkono ule una maana gani. Aliinua buti akaukanyaga kwa kisigino, akasagia. Vidole viwili vilivunjika kama vijiti, na hakuna aliyesikia kwa sababu Bramwel alikuwa amefika kileleni.

Everlyn hakulia tena. Alitambaa. Alitambaa kwa viwiko, na Shem akamwacha atambae, akimfuata hatua kwa hatua, maana na yeye alikuwa amegundua kuwa watu wanapenda kusubiri. Mkono wa kushoto ukakuta mpini wa birika. Akageuka chali, akamwona Shem amemwinamia, mdomo wazi, anataka kusema jambo. Akamwagia maji yote, usoni, shingoni, kifuani.

Sauti aliyoitoa Shem haikuwa ya binadamu. Alianguka juu ya magoti akijikwaruza shati, na ngozi ya shingo ikaja pamoja na kola. Bramwel akaipiga na hiyo. Lakini maji yalikuwa yamemrukia Kiarie miguuni, miguu yake mitupu, na Kiarie ndiye aliyeruka akipiga kelele, "Ni moto! Wasee, hii maji ni moto ya ukweli!"

Ngoma ikakatika. Muthoni alishusha macho. Pembeni ya shuka, chini, palikuwa na wekundu uliotapakaa, na yeye siku hiyo hakuwa amekuja na rangi nyekundu. Brashi ikamwanguka.

Brashi ilipoanguka, onyesho likawa limekwisha kwa mujibu wa sheria. Watu wakasimama wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, wengine machozi yakiwatoka, mpaka Muthoni alipowageukia akawatukana kwa Kikuyu, matusi ya nguoni, na hata hapo waliokuwa nyuma waliendelea kidogo.

Shem alitolewa kwa machela, akalazwa, na kutoka wodini akachukuliwa hadi rumande. Polisi walimuuliza Everlyn ni nani aliyemwaga maji. Akasema ni yeye, na angekuwa na birika jingine angemwaga na hilo. Video zikamtetea. Walioziona waligawana: wengine walihuzunika, wengine waliandika kwamba mwigizaji yule mwanamume ni moto. Mbavu zilipona. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikataa kukunjika. Everlyn alirudi kibandani akasuka kwa vitatu, na kichwa alichokuwa akikimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa kilimfikisha jioni. Wateja wengine walimvumilia. Wengine walivuka barabara kwenda kwa wenzake.

Wale watatu hawakuthubutu kuja mpaka plasta ilipokatwa. Walifika mchana na soda na mkate, wakajibana kwenye benchi ya wateja kama waliokuja kuomba mchumba. Bramwel alikuwa amekonda. Hakumtazama usoni.

"Mama Ryan, mimi hata sijui nianzie wapi," Muthoni alisema, akaanza kulia. "Ile shuka nitaichoma. Nimeambia hawa tunaichoma leo."

"Usiichome. Damu ni yangu," Everlyn alisema. Aliendelea kukunja taulo. "Bramwel, ngoma iko wapi?"

"Iko kwa gari, dada. Sijaigusa tangu siku hiyo."

"Ilete."

"Dada, tafadhali."

"Nimesema ilete."

Bramwel akaileta. Aliiweka kwapani kwa sababu aliambiwa. Everlyn aliketi kwenye kiti cha wateja, mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Piga ile ya siku ile. Kutoka kofi."

Alikataa. Alibembeleza. Kiarie alisema hii kitu haitasaidia mtu. Everlyn alingoja tu, na mwisho Bramwel akapiga. *Paa.*

"Hiyo ni sikio," Everlyn alisema. "Hili la kushoto. Mpaka leo halisikii vizuri. Endelea."

*Paa.*

"Meno. Endelea."

*Dum.*

"Mbavu."

*Dum.*

"Mbavu tena. Hapo ndipo nilishindwa kupumua. Ulipiga kwa nguvu kuliko hivyo, Bramwel, usinidanganye."

Bramwel alipiga kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanadondokea ngozi ya kenge na mikono ikayatawanya. Barabarani mama mmoja wa mboga aliweka beseni chini akachungulia ndani.

"Nisaidie," Everlyn alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba kitana.

Mdomo wa Bramwel ukafunguka. "Nisai—" Akaukaba kwa kiganja. Akaikumbatia ngoma, akalia kama mtoto, kamasi na yote.

"Usilie bado," Everlyn akamwambia. "Haikuishia hapo. Kulikuwa na mkono."

Akaunyosha mkono wake wa kulia, vile vidole viwili vimekakamaa, akaulaza juu ya ngozi ya ngoma, palepale panapopigwa.

"Piga."

Muthoni alijifunika uso. Kiarie alitazama sakafu. Bramwel aliutazama ule mkono, kisha akainua mikono yake yote miwili, akaitoa kabisa kwenye ngoma, akasimama, akapayuka mpaka mama wa mboga akaruka nyuma:

"Wacheni! Hii si mchezo! Mtu anaumia!"

Everlyn aliutoa mkono wake kwenye ngoma, akaupakata mapajani.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Siku ile nilikuwa nangojea hiyo tu."